Kiko cha Kisogo

Benchi letu lipo pale ukuta wa karakana ya mbao unapokutana na kibanda changu cha viatu. Ubao wake zamani ulikuwa mlango wa sinema. Kitasa kiling'olewa lakini tundu lake limebaki, na ukikaa vibaya litakukumbusha. Siku ninayoisimulia tulikuwa watano. Alikuwepo Taa, aliyekuwa akiendesha mashine ya kuonyesha picha wakati sinema ilipokuwa sinema, kabla haijawa ghala la magodoro. Alikuwepo Randa, seremala mwenye karakana. Alikuwepo Shemeji, muuza kahawa, ambaye kwa haki ni shemeji wa mtu mmoja tu kati yetu, lakini tumemwita hivyo wote mpaka amechoka kukataa. Alikuwepo huyo mwenye haki naye, Kisogo, fundi cherehani. Na mimi. Mimi wananiita Kiberiti, sababu siijui na sitaki kuambiwa. Kusoma nimejifunza mwenyewe, kwa magazeti ninayojazia viatu visilegee, kwa hiyo maneno ya mapambo sina. Anayetaka mapambo aende kwa wanaouza mapazia.

Kisogo alilipata jina lake kihalali. Miaka ile walikuja watu wa kupiga picha za sinema, wakahitaji wapita njia wa sokoni. Kisogo, wakati huo kijana mwenye kiuno, akachaguliwa anunue nyanya. Picha ilipotufikia, Taa ndiye aliyeionyesha, na Kisogo akaja na ukoo wake mzima, mama yake akawekwa kiti cha mbele kabisa. Nyanya zilionekana. Muuza nyanya alionekana mpaka magego. Kisogo alionekana kwa nyuma: shingo, nywele, na kola ya shati aliyoishona kwa mkono wake. Mama aliitambua ile kola. Walipotoka nje alimwambia, "Siku nyingine, mwanangu, ugeuke." Hiyo siku nyingine mama hakuiona. Mwanawe bado anaingoja, na cherehani yake ameiweka ikitazama barabara.

Sasa juzi kapigiwa simu. Kuna mchezo wa televisheni unarekodiwa kwenye nyumba moja nyuma ya kituo cha mafuta, na wanatafuta mtu mzima. "Utakuwa mtu mwenye kiko," sauti ikamwambia. "Gari litakufuata. Kiko uje nacho." Ikakata.

Kiko gani, haikusema. Kwa hiyo Randa akachonga vitatu. Kimoja kimenyooka kama rula. Cha pili kimepinda, kinashuka kidevuni kama bomba la sinki. Cha tatu kifupi, kinene, kichwa chake kama gunzi la mahindi. Akavipiga msasa, mimi nikavipaka rangi ya viatu, ile ya kahawia ninayowawekea wateja wanaoeleweka. Vikalazwa juu ya benchi kwenye kitambaa, vinang'aa. Kazi iliyobaki ilikuwa kuchagua kimoja kabla gari halijafika.

Taa: Kilichopinda. Hapa hakuna mjadala.

Randa: Toa sababu.

Taa: Kilichopinda ni cha mpelelezi. Mpelelezi kamera haimwachi. Akiwaza, kamera iko puani. Akinywa chai, kamera iko puani. Kisogo anataka uso uonekane. Basi.

Mimi: Nani kakwambia anaigiza mpelelezi?

Taa: Mtu mwenye kiko atakuwa nani mwingine?

Mimi: Baba mwenye nyumba. Daktari. Mtu tu.

Taa: Kiberiti, wewe ulikuwa unakaa viti vya nyuma unasinzia.

Mimi: Nilikuwa nalipa.

Taa: Ulikuwa unalipia usingizi.

Niliweka nyundo chini. Shemeji akanijazia kikombe kabla sijafungua mdomo. Huyo mama anajua kazi yake.

Lazima nieleze jambo moja kuhusu Taa. Majina ya waigizaji hupita mwanzoni mwa picha, na mwanzoni mwa picha yeye alikuwa anahangaika na mashine. Kwa hiyo hajui jina la mwigizaji hata mmoja. Anawajua kwa sura na vifaa. Yuko Bwana Pembeni, mwenye nywele zilizochanwa upande. Yuko Kidevu. Yuko Macho ya Usingizi. Anawataja kama watu waliowahi kumpisha mlangoni.

Taa: Bwana Pembeni alikuwa na kilichonyooka maisha yake yote. Leo mhandisi, kesho rubani, keshokutwa baba wa bibi harusi. Mtu wa kusema kweli. Ndiyo maana alikuwa anakufa.

Randa: Kusema kweli kunaua?

Taa: Kiko ndicho kinachoua. Mtu akipigwa risasi, kiko lazima kianguke. Kilichonyooka kinabingirika, kinakwenda taratibu, kinasimama karibu na mkono. Wanapiga picha hapo, watu wanalia. Kilichopinda kikianguka kinalala pale pale kama kijiko. Hakina huzuni. Kwa hiyo mwenye kilichopinda hawamwui, watapiga picha ya nini?

Shemeji: Ina maana shemeji yangu akichukua hicho cha rula wanamwua?

Taa: Wanaweza.

Kisogo: Wakiniua, uso unaonekana?

Taa: Ukifa chali, unaonekana. Kifudifudi, hapana.

Kisogo: Nitaanguka chali.

Alisema hivyo kwa sauti ile ile anayomwambia mteja kwamba suruali itakuwa tayari kesho. Hakuna aliyecheka. Sisi tulikuwa kazini.

Randa: Mimi niliyevichonga nisikilizwe. Kiko ni uzito. Kilichopinda uzito wake uko chini, kinavuta taya. Huyo Kidevu mnayemsifu alianza kazi hana kidevu. Nililiona bango lake la zamani, lilikuwa limebandikwa kwenye huu mlango tunaoukalia. Hapa chini ya mdomo palikuwa shingo moja kwa moja. Akashika kilichopinda, miaka ikapita, kidevu kikateremka.

Shemeji: Kiko kikavuta mfupa.

Randa: Mbao nene hivi ninaipinda kwa maji na jiwe. Kidevu ni nini?

Taa: Hilo la Randa ni kweli, ila kaligeuza. Kule zinakotengenezwa picha kulikuwa na mtu kazi yake kupima taya. Unaingia, anakupima, anakupa kiko. Taya fupi, gunzi: wewe baharia. Taya refu, kilichopinda: wewe mpelelezi. Taya la kawaida, kilichonyooka, nenda ukafe. Ukitoka mlangoni kazi yako imeshajulikana. Hakuna aliyekuuliza kama unajua kuigiza.

Mimi: Huyo mpima taya ulimwona?

Taa: Niliwaona waliopimwa. Walikuwa wanatembea kama watu waliopimwa. Ndiyo maana wahenga wetu...

Mimi: Wahenga waache. Hawakuwa na kiko.

Nikaona uongo umezidi benchi. Ikabidi niseme ukweli mimi, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kuusema. Nikawaambia kiko hufuata kiatu. Nimeshona viatu umri wangu wote na sijaona kosa katika hili. Kiatu cha ncha huenda na kiko kilichonyooka. Buti huenda na gunzi. Kiatu cha mviringo, kile kipana mbele, huenda na kilichopinda. Wenye picha huanza na viatu, kiko baadaye, kwa sababu kiatu kinachobana kinamfanya mtu akunje uso, na mtu aliyekunja uso hawezi kukaa na kiko mdomoni.

Randa: Na zile picha za kuanzia kiunoni kwenda juu?

Mimi: Viatu amevaa hata hivyo.

Hakuna aliyejibu, nikajua wameelewa.

Shemeji: Haya. Shemeji, leo umevaa nini?

Kisogo akaitazama miguu yake. Tukaitazama wote.

Kisogo: Kandambili.

Tulikunywa kahawa kwanza. Kwa kandambili, sikuwa na kiko.

Taa ndiye aliyelimaliza lile jambo, na safari hii alisema neno la mtu mzima. Alichukua kiko kilichopinda, akakiinua kwenye mwanga kama anavyoinua kila kitu, hata bili ya maji.

Taa: Sikilizeni. Mkanda ukipita kwenye mashine mara nyingi unachakaa. Tulikuwa tunasema umeanza kunyesha, maana ni mistari tupu, juu mpaka chini. Uso unakuwa wa kwanza kupotea. Macho yanakwenda, mdomo unakwenda. Mwisho hujui huyu ni nani. Lakini kiko hakipotei. Kiko kinabaki pale, cheusi, mtu hata akiwa mlangoni anasema, aah, ni yule. Ndiyo maana walikuwa hawaviachi.

Kisogo: Mtu wa kiti cha mbele angekiona?

Taa: Wa mbele, wa nyuma, na Kiberiti kwenye usingizi wake.

Kisogo akaupokea mkono wa Taa na kile kiko pamoja, akakitoa taratibu, akakiweka mdomoni. Kilichopinda kikapitishwa hivyo, bila kura. Akakaa wima. Akawaza, kama mpelelezi. Akatazama upande wa karakana kama mtu anayejua nani kaiba msumeno. Randa akasema kidevu kimeshaanza. Na mimi, kwa kuwa sipindishi, nilikiri moyoni kwamba alipendeza.

Gari likafika. Akateremka mtu mnene kiasi, funguo kidoleni, sigara nyuma ya sikio.

Dereva: Shikamooni wazee.

Sisi: Marahaba.

Dereva: Nimetumwa nimchukue mwenye kiko.

Kisogo akasimama nacho mdomoni. Hakuweza kujibu, akainamisha kichwa. Shemeji akamkaribisha dereva kahawa, naye akakaa, kwenye tundu la kitasa, akasogea. Alikiomba kiko akitazame. Akakinusa.

Dereva: Kinanuka kiatu.

Mimi: Rangi nzuri hiyo.

Akakiweka mdomoni, akapuliza. Mashavu yakajaa, hewa ikabaki humo humo. Akachukua gunzi, akapuliza, mashavu yakajaa. Akakichukua kilichonyooka, akafunga jicho moja na kukichungulia kama mtu anayechungulia chumba cha wageni.

Dereva: Wazee, samahani. Moshi unapita wapi?

 Taa alimtazama Randa. Randa alinitazama mimi. Mimi nilikitazama kiko. Kichwa kilichimbwa vizuri sana, mviringo safi, unaweza kuweka chumvi humo. Baada ya hapo ni mti, mti mtupu mpaka mdomoni. Kati yetu hakuna aliyewahi kuvuta hata sigara. Viko tulivijua ukutani na kwenye kitambaa cha sinema, na huko kote havikuwahi kuonyeshwa kwa ndani.

Randa: Kwenye bango tundu halikuchorwa.

Dereva: Mzee, mkurugenzi anataka moshi. Mwenye kiko wa jana alikuja na kiko cha plastiki, akarudishwa pale pale mlangoni. Na huyu wa leo akikosa, wameshasema watamweka yule mlinzi wa getini avute sigara tu, yaishe.

 Kisogo alikuwa anavikusanya vile viko kwenye kitambaa, kimoja kimoja, kama mtu anayefunga kazi iliyokataliwa na mteja. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira, ingawa sikujua ni ya nani.

Mimi: Randa, keekee.

Randa: Keekee yangu ni ya kutoboa mahali pa vitasa. Itakifanya kuni.

Mimi: Basi chuma chembamba. Chochote.

Randa akasimama, akaenda kwenye baiskeli yake. Anayemjua Randa anajua ile baiskeli haikalishi mtu, hata mkewe. Aling'oa spoki moja, akarudi nayo, akanipa bila kunitazama. Shemeji alikuwa ameshateremsha birika. Tukaitia spoki kwenye makaa mpaka ikawa nyekundu.

Taa akashikilia tuanze na kilichopinda, kwa kuwa kimeshapitishwa. Tukaanza nacho. Spoki iliingia vizuri mdomoni, ikasafiri, ikafika penye kona na kuendelea moja kwa moja, ikatokea nje shingoni. Spoki haina habari na mpelelezi. Tukahamia gunzi. Gunzi lilisikika kabla halijaonekana, likapasuka katikati, vipande viwili sawasawa. Kikabaki kimoja.

Taa: Hicho ndicho cha kufa.

Mimi: Nyamaza.

Niliwaambia waniachie. Mkono wangu umezoea kupita kwenye soli bila kuitoboa pembeni. Unapasha moto, unaingiza, unazungusha, unatoa, unakung'uta. Ukiwa na haraka mti unapasuka, na mimi kwa kawaida nina haraka. Siku hiyo sikuwa nayo. Mti wenyewe ulikuwa unatoa moshi kwa kuungua, Taa akasema ndio huo, tumwambie mkurugenzi ndio huo, Shemeji akamwambia anywe kahawa. Spoki ikaendelea kula kidogo kidogo. Mwisho nikahisi imeingia hewani. Nikaitoa, nikapuliza, na kiganja cha Kisogo alichokuwa amekikinga mbele kikashtuka.

Kisogo: Unapita.

Dereva akaichukua ile sigara ya sikioni, akaipasua, akaimimina tumbaku kichwani mwa kiko. Shemeji akaleta kaa moja kwa koleo. Kisogo akavuta. Macho yalimjaa machozi yote mawili, lakini hakukohoa. Moshi ukatoka, ukapanda, tukaufuata wote kwa shingo mpaka ulipolipita bati la kibanda.

Dereva: Huo unatosha. Ndio anaoutaka, upande juu ya kiti.

Shemeji: Juu ya kiti, kwani yeye anakuwa wapi?

Dereva: Kwenye kiti, mama. Kile kina mgongo mrefu. Kamera iko nyuma.

Shemeji: Nyuma ya nani?

Dereva: Nyuma yake. Kinaonekana kiti, nywele kidogo, moshi. Mwanamke anafungua mlango, anamwita. Basi, wanakata.

Taa akaanza kupangusa kikombe ambacho kilikuwa safi. Randa alirudi kuitazama baiskeli yake. Mimi spoki ilikuwa bado mkononi, na nilikuwa natafuta mtu wa kumgombeza, sikumpata. Kisogo alikuwa amekaa, kiko mdomoni. Akakitoa.

Kisogo: Huyo mwanamke anamwitaje?

Dereva: Anamwita baba.

Kisogo: Na yeye anafanya nini?

Dereva: Sijaambiwa, mzee. Mimi naendesha gari.

Kisogo akafikiri. Safari hii hakuwa anafikiri kama mpelelezi. Alikuwa anafikiri kama yeye mwenyewe anavyofikiri, akiwa na kitambaa ambacho hakitoshi na mteja ambaye ni mnene.

Kisogo: Mtu akiitwa na mwanawe, anageuka.

Nilisubiri mtu abishe. Pale kwetu hata ukisema mvua inanyesha kuna atakayetoa mkono nje kwanza. Hakuna aliyebisha.

Randa: Na hicho kirefu, ukigeuka kidogo tu kinaonekana kabla yako. Kile cha kona kingejificha nyuma ya shavu.

Taa: Geukia upande wenye dirisha. Na usigeuke kwa kushtuka, utapita kwenye mwanga hujaonekana. Taratibu. Kama mtu aliyekuwa anataka kuitwa.

Kisogo: Wakikata?

Taa: Wataikata mashine ikiwa imeshakuona.

Nikavua viatu vyangu, nikamsogezea. Ni vya ncha, nimevishona mwenyewe, na miguu yetu ni ya saizi moja. Najua havitaonekana. Akavivaa hata hivyo. Akaniachia kandambili.

Alikaa kiti cha mbele, kando ya dereva, dirisha limeshushwa. Gari likaondoka polepole kwa sababu ya mashimo, na sisi tukasimama pale tukitazama kioo cha nyuma. Tulichokiona ni kile kile cha siku zote: shingo, nywele ambazo sasa ni nyeupe, kola aliyoishona mwenyewe, na moshi kidogo juu.

Nikamwita. Sikumwita Kisogo. Nilimwita kwa jina lake, lile alilopewa na mama yake, ambalo benchi zima lilikuwa limelisahau, na mimi nililikumbuka pale pale mdomoni.

Akageuka. Upande wa dirisha, taratibu, kama alivyoambiwa: sikio, shavu, pua, na kile kiko kimenyooka mpaka nje ya gari.